Wiki Sita za Kuishi Kiapo



Nimepokea barua ya mama mmoja ambaye ameniruhusu nimjibu hapa bila kutaja jina lake wala parokia yake. Ana miaka 38 na watoto wawili. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa operesheni, akatolewa ovari zote mbili kwa sababu ya uvimbe. Anaandika kwamba alirudi nyumbani akimshukuru Mungu kuwa hai, lakini sasa furaha imemtoka. Mume wake hataki kulizungumzia jambo hilo. Mama mkwe amesema mara mbili, akijua kwamba anasikika, kwamba mwanamke aliyekwisha uzazi ni mgeni tu katika boma. Kwa aibu hiyo ameanza kuteka maji mwenyewe, ili watu waone bado anafaa. Mwishoni ananiuliza maswali mawili. Je, alichofanyiwa ni sawa na kufunga uzazi, jambo ambalo Kanisa linakataza? Na je, yeye bado ni mke?

Mama, nitaanza na swali la pili, kwa maana naona ndilo linalokuumiza zaidi. Ndiyo, wewe ni mke. Ulikuwa mke kabla ya operesheni, ulikuwa mke ulipolazwa mezani mbele ya madaktari, na u mke leo. Hakuna kisu kinachoweza kukata Sakramenti ya Ndoa. Tafadhali mpe mumeo naye asome ukurasa huu, kwa sababu sehemu kubwa nimemwandikia yeye.

Kosa langu mimi mwenyewe

Siandiki kama mtu aliyefaulu. Mke wangu alifanyiwa operesheni kama hiyo akiwa na miaka 41. Alipotoka hospitali, muuguzi alituambia sote wawili kwamba asiinue kitu kizito. Mimi niliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia tangazo la kanisani huku wakitafuta viatu vya watoto.

Siku ya tisa, wazee wa kanisa walikuja kwetu kwa mkutano. Tulianza kwa Rozari. Katikati ya fumbo la tatu niliona kwa dirisha mke wangu akiinama kando ya tangi, anainua mtungi wa lita 20 ili apikie wageni wangu. Nilimwona vizuri. Sikusimama. Nilijiambia, tukimaliza fumbo hili nitakwenda. Kabla hatujalimaliza tulisikia mtungi ukianguka. Mshono ulikuwa umeachana upande mmoja. Usiku ule tulirudi hospitali, naye akalazwa tena.

Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Mwanamke aliyepasuliwa tumbo huambiwa katika wiki hizo asiinue zaidi ya kilo 4 au 5 hivi. Nilijua kuhesabu mafumbo ya Rozari, lakini hesabu hiyo ndogo sikuifanya.

Kuna jambo lililoniuma zaidi. Jumapili mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha habari ya mama mkwe wa Simoni Petro, katika Injili ya Marko sura ya 1. Alikuwa na homa, Yesu akamponya, naye akawahudumia. Niliwaambia akina mama kwamba mwanamke mwema haangalii ugonjwa, anainuka na kuhudumu. Nilifundisha vibaya. Kwanza, yule mama aliponywa na Bwana mwenyewe na homa ikamwacha papo hapo. Mke wangu alikuwa anapona kwa njia nyingine, ambayo pia ni ya Mungu, lakini njia hiyo inakwenda kwa siku na wiki. Pili, tazama ni mkono wa nani unaotajwa kwanza katika habari ile. Ni mkono wa Yesu, uliomshika mgonjwa na kumwinua. Kabla ya huduma ya mama palikuwa na huduma ya Bwana. Mimi nilikuwa nimeruka sehemu hiyo.

Kilichotolewa na kilichobaki

Wanaume wengi wanaogopa kwa sababu hawajui ni nini kilichotolewa. Ovari ni vifuko viwili vidogo vya mayai, kila kimoja kina urefu wa sentimita 3 hivi, vikiwa huku na huku pembeni mwa mji wa mimba. Kazi yake ni mbili: kutoa yai, na kutengeneza homoni kama estrojeni, ambazo husaidia hedhi, mifupa, ngozi, usingizi na mambo mengine mengi mwilini.

Mwanamke ambaye bado yuko katika umri wa kuzaa akitolewa ovari moja, na ile nyingine ikiwa nzima, kwa kawaida ataendelea kupata hedhi na anaweza kushika mimba. Akitolewa zote mbili, hedhi inakoma na hatashika mimba tena kwa njia ya kawaida, hata kama mji wa mimba bado upo. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitali au siku ya kurudi kliniki, mume na mke waulize pamoja: Ni nini hasa kilichotolewa? Kwa nini? Kipande kilichopelekwa maabara kimeonyesha nini? Makaratasi hayo yawekwe mahali pamoja na cheti cha ndoa na vya ubatizo. Msiache kufuata majibu ya maabara, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri.

Siku za nyumbani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgonjwa si mgeni wa namna hiyo. Aliyepasuliwa kwa mkato mrefu tumboni huhitaji karibu wiki 6, na wengine zaidi. Aliyefanyiwa kwa matundu madogo huwahi kupona, na mara nyingi hurudia kazi nyepesi baada ya wiki 2 au 3. Mshono wa nje hukauka mapema, lakini nyama za ndani bado zinashikana. Haya ndiyo tuliyojifunza nyumbani kwangu:

1. Maji, kuni, jembe, gunia la mahindi, kufua mablanketi na kumbeba mtoto mgongoni si kazi zake kwa wiki hizo. Mtoto mdogo aletwe kitandani akae kando ya mama, asiinuliwe na mama.

2. Asilale mchana kutwa. Atembee polepole ndani ya nyumba, halafu uani, kila siku akiongeza kidogo. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni na hufungua tumbo.

3. Akitaka kukohoa, kucheka au kuinuka, akandamize mto au leso iliyokunjwa juu ya mshono. Akiinuka kitandani ageuke kwanza kwa ubavu, kisha ajisukume kwa mikono.

4. Mshono uwe safi na mkavu. Usipakwe majivu, chumvi, mafuta wala dawa za miti shamba. Nguo ziwe pana, zisimkaze kiunoni.

5. Anywe maji ya kutosha, uji, matunda na mboga ili asipate choo kigumu. Kujikaza chooni huumiza mshono.

6. Dawa za maumivu azinywe kama alivyoandikiwa. Kuna wanaodhani kwamba kukataa dawa ni kubeba msalaba. Mtu mwenye maumivu makali hapumui vizuri wala hatembei, hivyo hachelewi kuugua upya. Msalaba uliopo unatosha.

7. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo iepukwe. Siku ya kliniki mtafute gari, na mume aende naye.

Pia mjue dalili ambazo hazingoji asubuhi: joto la mwili kufika nyuzi 38 au zaidi, mshono kutoa usaha, kunuka au kufunguka, damu nyingi ukeni, tumbo kuvimba na kuuma zaidi kila saa, kutapika bila kukoma, kushindwa kukojoa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Ukiona mojawapo, mpeleke hospitali. Tutaomba tukiwa njiani.

Joto la usiku

Baada ya siku chache mke wangu alianza kuamka usiku amelowa jasho, shuka limeshika mwili. Dakika chache baadaye anasikia baridi. Mimi nilisema ni malaria. Tulipima, hakuna. Wiki iliyofuata tulipima tena, hakuna. Ndipo daktari alipotueleza kwamba ovari zote mbili zikitolewa kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, estrojeni hushuka ghafla. Mabadiliko ambayo wanawake wengine huyapata polepole karibu na umri wa miaka 50, yeye huyapata kwa siku chache tu. Ndiyo maana ya joto la ghafla, jasho, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, kusahausahau, na machozi yasiyo na sababu inayoonekana.

Mume mpendwa, hapo ndipo ndoa nyingi zinapoteleza. Mke anajibu kwa ukali, mume anasema amebadilika, amepata kiburi mjini hospitalini. Hajapata kiburi. Mwili wake umepigwa na jambo kubwa kwa ghafla. Fungua dirisha. Mletee maji. Usiku mmoja nilimpepea mke wangu kwa jarida la zamani hadi akapata usingizi, naye aliniambia baadaye kwamba usiku ule ndipo alipojua nimemsamehe kwa kuwa mgonjwa. Nilishangaa. Sikujua kwamba alidhani anahitaji kusamehewa.

Daktari aulizwe pia kuhusu dawa za kurudisha homoni. Kwa wanawake wengi waliopoteza ovari zote kabla ya umri wa kawaida wa kukoma hedhi, dawa hizo hupunguza taabu na kulinda mifupa, na mara nyingi hushauriwa wazitumie hadi karibu na umri huo. Lakini si kwa kila mtu. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kwa mfano, kwa kawaida hapewi. Kwa hiyo asiazime vidonge vya jirani. Kwa ajili ya mifupa, maziwa, omena, mboga za majani, jua na kutembea kila siku ni msaada ambao hata sisi wa mfuko mdogo tunaumudu.

Na huzuni ikizidi wiki mbili, akawa hali, hataki watu, au anazungumza kuhusu kufa, hilo nalo ni la kupelekwa hospitali. Si pepo, wala si imani haba.

Kuhusu tendo la ndoa

Nitasema wazi, kwa heshima. Mngoje mpaka daktari amkague na kutoa ruhusa, mara nyingi baada ya wiki 6 hivi. Wapo waume wanaoikumbuka sana barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, kwamba mwili wa mke ni wa mumewe. Wasome mbele kidogo. Mtume Paulo anasema vilevile kwamba mwili wa mume ni wa mkewe. Basi katika wiki hizo sita, mikono yako ni yake. Mabega yako ni yake. Ukitaka kudai haki yako, kwanza lipa deni lako kule kwenye tangi la maji.

Na ruhusa ikishatolewa, msishangae mambo yakiwa magumu mwanzoni. Estrojeni ikipungua, uke huwa mkavu, na mke huweza kuumia. Mume anaona anasukumwa, anadhani hapendwi tena. Mke anaogopa kusema, anavumilia akiwa amefunga macho. Msivumiliane hivyo. Zungumzeni. Zipo dawa za kulainisha ambazo mwuguzi au daktari atawaelekeza, na nyingine hutibu ukavu wenyewe. Nendeni polepole. Kama bado ni siku za kukumbatiana tu, hiyo nayo ni lugha ya ndoa.

Je, ni dhambi?

Sasa, mama, naja kwa swali lako la kwanza. Kanisa linafundisha kwamba si halali kufanyiwa operesheni kwa lengo la kuzuia uzazi. Lakini kutibu mwili ulio mgonjwa ni jambo jingine. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika waraka wake wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, kifungu cha 15, alieleza kwamba si kosa kutumia matibabu yanayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama inajulikana mapema kwamba uzazi utazuilika, mradi kuzuia huko sicho kinachokusudiwa. Wewe ulikwenda kutolewa uvimbe. Hukwenda kuwakataa watoto. Hapo pana tofauti kubwa, na Mungu anaiona. Kama jambo jingine linakusumbua dhamiri, mwone padre wako. Lakini kwa sababu ya operesheni hiyo usijizuie na Komunyo Takatifu.

Wengine huuliza, kama hakuna mtoto atakayepatikana, je, tendo la ndoa si dhambi sasa? Hapana. Kanisa halijawahi kuwakataza wazee waliopita umri wa kuzaa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, inasema kuwa utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Kwa hiyo mume hawezi kusimama mbele ya padre au wazee na kusema ndoa yake imekwisha kwa kuwa mke ametolewa ovari. Wala haimpi ruhusa ya kuoa wa pili.

Kuna msaada mwingine ambao wengi hawaujui. Anayekwenda kufanyiwa operesheni kubwa anaweza kuomba Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa kabla ya siku ile, si lazima awe anakata roho. Wakati wa kupona, halazimiki kufika Misa ya Jumapili, na anaweza kuletewa Komunyo nyumbani. Na ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haimbani mgonjwa, wala anayemuuguza. Kanuni ya 919 inasema hivyo. Basi asiache uji wala dawa zake kwa kumngojea padre.

Maneno ya watu

Biblia inamjua mwanamke anayedhihakiwa kwa sababu ya tumbo lake. Soma Kitabu cha Kwanza cha Samueli, sura ya 1. Hana alichokozwa na Penina mwaka baada ya mwaka hadi akalia na kukataa chakula. Mumewe Elkana alimpenda, akamwuliza kwa nini analia, na kama yeye mume si bora kwake kuliko wana wengi. Ni swali zuri, lakini nimeona jambo moja: hatuambiwi kwamba Elkana alimwambia Penina anyamaze.

Mume, usiishie kwa Elkana. Kumpenda mkeo chumbani huku ukinyamaza sebuleni mama yako anapomchoma kwa maneno, hiyo ni nusu ya upendo. Nenda kwa mama yako kwa adabu, ukae chini, umwambie: "Mama, huyu alikuwa anakufa, na Mungu amenirudishia. Ukimhesabu kuwa mgeni, na mimi ni mgeni." Useme mara moja, bila kelele. Mama nyingi hawana ubaya, wana hofu tu, na hofu yao hupungua wakiona mwana wao amesimama imara.

Nanyi wanajumuiya, mnapokwenda kumsalimu mgonjwa, msiende kunywa chai yake. Sala iwe fupi, kisha mmoja ateke maji, mwingine aoshe vyombo, mwingine achukue nguo za watoto. Na msiulize ametolewa nini. Akitaka, atasema mwenyewe.

Nakurudia, mama uliyeniandikia. Kesho usiende kisimani. Zimebaki wiki tatu, zitapita. Mpe mumeo ukurasa huu, na jioni, watoto wakilala, mwulizane maswali haya matatu: Ni kitu gani kinachotutia hofu zaidi? Ni kazi gani nitakufanyia kila siku bila kuombwa? Ni nani tunayetaka aje kutusaidia, na ni nani tunayetaka apumzike kuja?

Nyumbani kwangu, tangu siku ile, mtungi wa maji ya jioni ni wangu. Mke wangu alipona zamani, angeweza kuubeba. Lakini ninapouinua nakumbuka sauti ya ule ulioanguka, nami naona bado sijamaliza deni.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyemshika mkono mgonjwa nyumbani kwa Petro, waangalie wake wote wanaopona leo. Wape usingizi, na nguvu za mwili. Na sisi waume utupe macho ya kuona, na miguu ya kuinuka kabla mtungi haujaanguka. Amina.